Kwa Nini Ukoko ni wa Watoto

Wewe uliyekaa hapo, umewahi kumwona mtoto akishiba?

Usijibu haraka. Kumaliza si kushiba. Sahani ikiwa tupu, hiyo ni habari ya sahani. Habari ya tumbo anayo mwenye tumbo. Swali ni hili: umewahi kumwona mtoto mdogo, asiyeng'oka hata jino moja, akiacha chakula mbele yake kwa hiari yake na kwenda zake? Kama umewahi, shukuru. Kulikuwa na wakati ambapo kijiji kizima hakikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuliona jambo hilo, na wote walijihesabu mabingwa wa kulea.

Hiyo ni zamani, msitu ulipokuwa bado unateremka mpaka kwenye migomba, na mvua ikifika mlimani wiki nzima kabla ya kwenda kwa wengine. Siku hizo ukoko haukuwa wa watoto. Ule ugali mkavu unaoshika chini ya chungu, unaonukia moshi na kulia mdomoni kama kuni kavu, ulikuwa mali ya wazee. Kila siku, chakula kikishapakuliwa, mama wa nyumba aliukwangua ukoko kwa kigae, akaufunga kwenye jani la mgomba, akaupeleka uwanjani walikokaa wazee. Ilikuwa heshima. Kwamba nusu ya wazee hao hawakuwa na meno ya kuutafuna, hilo halikuzungumzwa. Mzee Semboja, mkubwa wao, alibakiwa na meno manne, na hayo manne hayakuwa yakikutana. Aliloweka fungu lake kwenye togwa mpaka likalainika, akalinywa, na kesho yake akadai jingine.

Na mtoto? Mtoto alipimiwa kwa ngumi yake. Wakati wa kula aliitwa, akakunja ngumi, mama akamega tonge linalolingana nayo, akaliweka kwenye kipande cha kibuyu, akalitilia mboga, basi. "Tumbo la mtu ni ngumi yake," walisema. Maneno hayo yaliletwa na mwaka mmoja wa njaa, ghala zilipobaki na panya wanaooneana huruma. Njaa iliondoka, maneno yakabaki, kama mgeni ambaye hakuna mwenye uso wa kumwambia kwamba kwao wanamsubiri. Watu wazima hawakupimwa. Mtu mzima, ilisemekana, anajijua.

Aliyesumbuliwa na jambo hili kuliko wote aliitwa Nakijwa, mke wa Mbonea. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, aliyezaliwa mwaka wa nzige na kuitwa Nanzige, maana desturi yao ilikuwa kumpa mtoto jina la mwaka wake. Nanzige alimaliza ngumi yake kabla mama yake hajakaa vizuri. Kisha alitulia akiangalia chungu. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Mtoto anayelia hubembelezwa. Yeye alitazama tu, halafu akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia:

"Mama, kingine kiko wapi?"

"Hakuna kingine. Umemaliza."

"Nimemaliza," Nanzige alikubali. "Lakini tumbo bado linaongea."

Majirani walicheka mwanzoni. Kisha wakaacha kucheka wakaanza kushauri, na hapo ndipo mtu ajue mambo yameharibika. Mmoja alisema anyweshwe kibuyu kizima cha maji kabla ya kula; Nanzige akanywa, akakojoa, akaomba chakula. Mwingine alisema afungwe mkanda wa ganda la mgomba kiunoni. Akafungwa, na siku ya tatu mbuzi akautafuna ule mkanda, Nanzige akabaki kumtazama mbuzi kwa wivu. Mganga naye alisema ndani kuna nyoka wa tumbo, akatoa majani machungu kama nyongo. Nanzige aliyatafuna yote, akakunja uso, akasema, "Mboga hii haina chumvi."

"Ni jina," alisema Nambua, mama mkwe wa Nakijwa. "Ukimwita mtoto nzige, unategemea ale nini, umande? Mke mwenzangu huyu atatumalizia ghala."

Alimwita mke mwenzangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ila siku hizo utani wake ulikuwa na mwiba ndani. Kisha akaongeza lile alilolisema kila mara: "Mbonea wangu alikua kwa ngumi moja. Moja! Hakuwahi kuomba ya pili mbele ya watu. Na mtazame alivyo leo, kifua kama ngoma."

Kifua cha Mbonea kilikuwa kama ngoma kweli. Nakijwa alimuuliza siku moja kama utotoni alikuwa akishiba. Mbonea alikuna kichwa, akasema hakumbuki, akatoka nje upesi kuwaangalia mbuzi, na mbuzi wenyewe hawakuwa wamefanya lolote.

Nakijwa alikuwa na ugonjwa mmoja: swali likimwingia halikutoka mpaka lipate jibu. Alilibeba hili mpaka mtoni, akalitua mbele ya wanawake wenzake.

"Jamani, mtoto anashiba lini?"

"Akimaliza ngumi yake," alijibu Naetwe, jirani yake, aliyeinama akisugua chungu.

"Huko ni kumaliza. Naulizia kushiba."

"Kuna tofauti?"

"Wewe jana ulikula ngumi ngapi?"

Naetwe alisugua kwa nguvu zaidi. "Nakijwa, tumekuja kuteka maji. Mpelekee mumeo maswali yako, ndiye aliyekulipia mahari pamoja nayo."

Wakacheka wote, na Nakijwa akacheka nao, maana lilikuwa la kuchekesha. Lakini njiani kurudi aliwaza kwamba hakuna aliyemjibu.

Basi akaanza kutazama. Alimtazama ndama akinyonya, akaona kwamba ndama huacha mwenyewe, tena ziwa bado limejaa, kisha huenda kurukaruka na povu mdomoni. Aliwatazama vifaranga, hakuna kuku aliyewapimia kwa kucha zao. Alimtazama na Nanzige, na hapo akaona jambo ambalo jicho lake lilikuwa limelipita siku zote. Siku walizokwenda shambani, mtoto akapanda na kushuka mlima mara mbili, njaa yake ilikuwa ya kutisha. Siku za kukaa kivulini akichambua maharage na bibi yake, ilipungua. Ngumi ilikuwa ileile, lakini ngumi haipandi mlima. Miguu ndiyo inayopanda.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Walifungiwa ndani tangu asubuhi, Nanzige akalala, akaamka, akala mapera mawili, akalala tena. Wakati wa kula ulipofika alipewa ngumi yake, akala nusu, akaisukuma pembeni, akaenda mlangoni kukinga matone ya paa kwa kiganja.

Nakijwa aliitazama ile nusu ya tonge kana kwamba imezungumza naye. Aliinama akaigusa kwa kidole. Mtoto ambaye kijiji kizima kilisema tumbo lake halina chini, ameacha chakula, na hakuna aliyemwambia aache. Kumbe lina chini. Ila iko mbali kuliko ngumi, na kila siku haiko mahali pamoja.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likiharibika kijijini. Majani ya ukoko yalianza kufika kwa wazee yakiwa mepesi. Kila mama alikuwa na sababu yake: kuni zilikuwa mbichi, moto ulikataa, chungu ni kipya hakishiki. Mzee Semboja alifungua jani, akachungulia vipande vitatu vidogo kama kucha za paka, akauliza, "Kijiji kizima kimenunua vyungu vipya?" Wazee wakakaa kikao. Palihitajika mwizi, na mwizi alikuwepo tayari. Kazi iliyobaki ilikuwa kumpelekea habari. Hakuna aliyemwona Nanzige kwenye jiko la mtu. Lakini mwenye njaa inayojulikana hahitaji shahidi wa kumshitaki.

Mzee Semboja alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mbonea na wenzake wawili. Walikaribishwa vigoda, wakaulizia mifugo, wakaulizia mvua, kisha wakasema walilojia. Baada ya siku tatu Nanzige apelekwe kwa wajomba zake, ng'ambo ya bonde, akae huko mpaka ang'oke meno. Mtoto aliyeng'oka meno hula sinia moja na wakubwa, hivyo huko mbele hatasumbua mtu.

Ng'ambo ya bonde ilikuwa mwendo wa siku mbili, na katikati palikuwa na mto ambao masika haumvushi mtu. Nakijwa alipiga hesabu upesi. Miaka miwili, pengine mitatu. Mtoto wa miaka minne akikaa miaka mitatu kwa watu, atarudi akiwa na adabu nzuri na atamwamkia mama yake kama mgeni.

"Babu," alisema, na sauti yake ilitoka ikiwa imenyooka kuliko alivyotarajia, "nani amemwona akiiba?"

"Mama Nanzige, mwizi wa chakula haonekani. Hunenepa."

Wote waligeuka kumtazama Nanzige, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa miguu myembamba kama miiko miwili.

"Huyu hunenepa kwa ndani," alisema mzee wa pili, baada ya kufikiri.

Hapo Nakijwa alipiga magoti mbele yao, lakini maneno aliyosema hayakuwa ya kupiga magoti. "Mnasema tumbo lake halina mwisho. Mmewahi kuutafuta huo mwisho mkaukosa? Nipeni siku moja. Nitapika uwanjani kwenu, mchana, kila mtu akiona. Ale mpaka aache mwenyewe. Asipoacha, nitambeba mgongoni mpaka kwa kaka zangu, wala hamtanisikia nikilia. Akiacha, anabaki kwangu, na hakuna atakayemwita mwizi tena."

"Utatuaibisha," alinong'ona Nambua.

"Mama, tumeshaaibika. Angalau tujue sababu."

Mzee Semboja alimtazama Mbonea, kama mwanamume anavyomtazama mwenzake akitaka amzime mkewe. Mbonea alitazama chini, akakuna kichwa, kisha akasema maneno mawili ambayo Nakijwa hakuyasahau maisha yake yote: "Nitaleta kuni."

Siku ya tatu, jua likiwa katikati, chungu kikubwa kuliko vyote kijijini kilikaa juu ya mafiga matatu mbele ya wazee. Nakijwa alisonga ugali jasho likimtiririka mpaka kwenye mwiko. Maharage aliyapika na mnavu. Watu walijaa kama kwenye harusi, wengine wakija na watoto wao mkononi, maana hakuna aliyetaka kukosa kumwona mtoto akipasuka. Nambua alikaa mwisho kabisa wa mkeka, mgongo wake ukiwa nusu kuuelekea uwanja.

Nanzige aliketishwa. Akatazama chungu, akamtazama mama yake, akakunja ngumi kama alivyofundishwa.

"Leo fungua mkono," Nakijwa alimwambia. "Chukua mwenyewe."

Mtoto hakuelewa. Ilibidi aambiwe mara ya pili. Kisha akamega.

Mzee Semboja alijipa kazi ya kuhesabu kwa sauti, ngumi kwa ngumi, kwa kukisia. "Moja." Nanzige alikula kwa haraka, mabega juu, kama mtu anayekula akiwa njiani. "Mbili." Pakawa na minong'ono. "Tatu." Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma kidogo. "Nne!" alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyesema toka mwanzo. Nakijwa alishika mwiko kwa mikono miwili. Alikumbuka ile nusu ya tonge ya siku ya mvua, akajiambia, hiyo ilikuwa siku ya mvua, na leo ametoka kucheza juani. Je, kama leo chini ni mbali mno?

Lakini mabega ya Nanzige yalikuwa yameshuka. Alianza kutafuna polepole. Alitazama huku na huko, akawaona watu, akamwona kinda wa kuku akipita. Alimega tonge la tano, akalichovya kwenye maharage, akalileta karibu na mdomo. Akalitazama. Akalirudisha.

"Mama," alisema, "tumbo limenyamaza."

"Hutaki tena?"

"Nimeshiba."

Neno hilo, kutoka kinywa cha mtoto, halikuwa limesikika mlimani kwa miaka isiyohesabika. Watoto walijua "nimemaliza" tu. Nanzige alipangusa mikono kwenye majani, akainuka, akaenda kumfukuza yule kinda wa kuku. Chungu hakikuwa kimefika hata nusu.

Mzee Semboja alikuwa bado amenyoosha kidole cha tano. Hakujua akipeleke wapi.

Kabla mtu hajasema lolote, mtoto wa Naetwe alijitoa mkononi mwa mama yake. "Na mimi nataka kushiba," alisema, akakaa chini palepale. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, mpaka chungu kikazungukwa. Hakuna aliyewazuia, kwa sababu kila mtu, hata wazee, alishikwa na hamu moja: kuona. Na waliona. Mtoto wa Naetwe, mvulana mwembamba wa miaka mitano ambaye mama yake alisifiwa kwa kumlea vizuri, alikula ngumi sita na kulamba kidole. Bonge mmoja, ambaye wote walidhani ataficha chungu tumboni, aliacha kwenye moja na nusu akalala. Mapacha wawili, ngumi zao sawasawa, mmoja alikula mbili na mwenzake nne. Kila mmoja alifika mwisho wake mwenyewe, akasema lile neno jipya, akaenda zake. Hakuna aliyepasuka.

"Basi," alisema Mzee Semboja taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, "kama huyu mtoto hushiba kwa ngumi nne, na miguu yake ndiyo ile, ukoko wetu ulikuwa unaliwa na nani?"

Naetwe aliinama kukaza nguo ambayo haikuwa imelegea. Mwenzake alianza kumtoa mwanawe chawa. Kina mama wa kijiji kizima waligundua kwa pamoja kwamba chini pana vitu vingi vya kutazama. Kila mmoja alikijua kigae chake na nyuma ya nyumba yake, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Na tangu siku hiyo, chungu kikipakuliwa, ukoko ni wa watoto. Hata leo utamwona mama akiuacha ugali motoni muda kidogo zaidi ya inavyohitajika, halafu akisema umeshika kwa bahati mbaya, huku mtoto ameshakaa karibu na kijiko. Mtoto mdogo hupewa, akiomba huongezwa, na haulizwi kama amemaliza, huulizwa kama ameshiba. Tena siku aliyokimbia sana hakuna anayemshangaa. Wapo wanaosema jambo hili liliamuliwa na wazee kwenye kikao chao. Si kweli. Wazee siku ile walikuwa wamekaa na vidole vyao hewani, na kama wangeachwa wangeunda kikao kingine cha kutafuta mwizi mwingine.

Jambo liliamuliwa mwisho wa mkeka. Nambua ndiye aliyeinuka. Alisimama, mkono mmoja kiunoni, na Nakijwa alidhani mama mkwe wake anataka kuondoka. Mbonea naye alimwona akisimama, na kwa mara ya kwanza hakukuna kichwa. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mtu mwenye kifua kama ngoma, "Mama, waambie."

Nambua hakumtazama Mzee Semboja. Alimtazama Nakijwa.

"Mwanangu huyu hakuwahi kushiba kwa ngumi moja hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nakwangua ukoko wa wazee, nampa nyuma ya ghala, namwambia ale bila ukoko kusikika ukilia mdomoni. Halafu nampangusa, namleta mbele yenu, mnamsifu, nami nasifiwa. Na siku mlipokuja kumhukumu mjukuu wangu, nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza."